Mayai Hayasubiri

Alhamisi, 19 Machi

Wamefunga. Daktari mwenyewe ndiye aliyenipigia, si yule dada wa mapokezi, na niliposikia sauti yake nikajua hakuna jema.

"Mama, tumeagizwa tusitishe huduma zote ambazo si za dharura."

"Hii si dharura?"

"Kwa mujibu wa waraka, hapana."

Nilikuwa kazini, karibu na mashine ya kukatia karatasi, mkono mmoja umeshika simu na mwingine uko tumboni. Tumbo limejaa kama nimekula wali wa watu watatu. Ndani kuna mayai niliyoyakomaza kwa sindano, kila jioni najidunga mwenyewe bafuni huku nimeng'ata taulo, na keshokutwa ndiyo ilikuwa siku ya kuyatoa. Sasa ananiambia niache sindano, yatanywea yenyewe. Yatanywea! Kama maputo baada ya sherehe.

"Na mwezi ujao?"

"Hatujui, mama. Hakuna anayejua."

"Daktari, nina miaka arobaini na moja."

"Najua, mama."

Wote wanajua. Gonjwa ndilo halijui.

Nesi mmoja wa kliniki aliwahi kuniambia niwe naandika, eti kuandika kunashusha presha. Haya, naandika. Presha iko palepale.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Tumbo linauma. Fundi, mume wangu, kanichemshia maji, kanifungia chupa ya moto kwenye kanga, kaniwekea ubavuni. Akithubutu kusema "Mungu yupo" nitamrushia chupa.

Jumatano, 25 Machi

Mama mkwe alikuja wiki iliyopita kutengenezewa miwani, kwa siku mbili tatu. Leo wamesimamisha mabasi yote ya mbali. Kwa hiyo mama mkwe ni wetu mpaka gonjwa liishe.

Simchukii. Niandike hilo kwanza, ili litakapofutika nijue liliwahi kuwepo. Ila nimeolewa mwaka wa tisa sasa na bado ananiita "bibi harusi." Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Wanawake wengine wanaitwa Mama Fulani, na mimi sina huyo Fulani, basi nimebaki na shela kichwani miaka yote hii.

Habari za kliniki hazijui. Mume wangu hakutaka ajue. Mama anaamini tunasubiri tu majaliwa, na kwamba majaliwa yananikwepa mimi.

Jumatatu, 30 Machi

Kazini tumerudishiwa kadi za harusi maboksi kwa maboksi, tarehe zote zimekufa. Tunachapa mabango ya kunawa mikono na ratiba za mazishi. Babu Wino, anayeendesha mashine kubwa, anasema tangu aanze kazi hajawahi kuchapa "na watu wachache tu wa familia" mara nyingi hivi.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimerudi nimelowa chapachapa. Nyumba inanukia sabuni. Nikaona mlango wa friji unang'aa, nikaenda kuufungua kabla sijavua viatu.

Mama mkwe kasafisha friji. Katoa kila kitu, kasugua mpaka kwenye raba za mlango, kisha karudisha kila kitu. Kila kitu isipokuwa kiboksi cheupe kilichokuwa nyuma ya siagi. Sindano zilizobaki. Tulizokuwa tumezitunza ili kliniki ikifunguliwa tusianze upya.

Kiboksi kilikuwa juu ya rafu ya jiko. Chini yake maharage yalikuwa yanatokota.

"Mama, hiki kimekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Dawa haziwekwi pamoja na nyanya, bibi harusi. Nimeziweka pakavu." Akanitazama usoni. "Nimeona sindano. Una sukari, hamtaki kuniambia?"

"Sina sukari."

"Basi za nini?"

Nilikuwa nimechoka, maji yananichuruzika mgongoni. "Za mtoto, Mama."

"Mtoto gani?"

"Huyo ambaye hayupo."

Alikaa kwenye kigoda. Kitambaa cha kufutia bado kiko mkononi. Mwishowe akasema, wala si kwa ubaya, alikuwa anajisemea tu: "Kumbe siku hizi watoto wanatafutwa kwenye friji."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Fundi aliporudi alikishika kile kiboksi kwa viganja viwili. Mtu ambaye kazi yake ni majokofu, anatambua ubovu wa friji kwa kusikiliza tu linavyokoroma, na dawa zetu zimeungulia nyumbani kwake. Akasema, "Hakujua." Nikamjibu kwamba hakujua kwa sababu wewe hukutaka ajue. Tukalala kila mmoja anatazama ukuta wake.

Jumapili, 5 Aprili

Nimempigia nesi wa kliniki. "Hatuwezi kukuhakikishia kama bado zina nguvu." Maana yake zitupe. Nimezitupa.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Mama mkwe hagusi tena friji. Anakunywa maji ya vuguvugu ya kwenye ndoo na kuhakikisha namwona.

Jumatatu, 13 Aprili

Kaja mteja kazini na karatasi yake imeandikwa kwa mkono, anataka tumchapie nakala nyingi agawe sokoni. "Chanjo ikija, wanawake msikubali. Inafunga kizazi." Nikamwuliza kajuaje kuhusu chanjo ambayo haijafika.

"Dada, kila mtu anajua. Wanataka tuishe."

"Mimi kizazi changu kimefungwa na waraka," nikamwambia. "Hiyo mbona hujaichapia karatasi?"

Hakuelewa. Bosi alikuwa anakuna kidevu, kazi hamna, mteja ni mteja. Ndipo Babu Wino akazima mashine akatangaza imekufa, kipuri mpaka kiagizwe ng'ambo. Mteja alipotoka, mashine ikafufuka. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikawa nalia tu. Babu Wino kanipa tambara la kufutia wino. Uso ukawa mweusi.

Jumatano, 15 Aprili

Hospitali kuu wamempigia Fundi. Chumba baridi cha maiti kimegoma, na mafundi wawili waliokuwa wakikihudumia wameugua. Nikamwambia asiende. Akasema, "Watu wamelala mle, mke wangu. Na joto hili." Hilo ndilo tatizo la kuolewa na mtu mwema, ugomvi wenyewe unakukosa.

Kaenda. Karudi jioni, kavulia nguo zote nje mlangoni mvuani, mama yake anamtazama dirishani akimwuliza kama amepagawa.

Jumapili, 19 Aprili

Fundi anasema chai haina ladha. Nimeongeza sukari. Anasema bado.

Jumanne, 21 Aprili

Homa. Inapanda mpaka anaongea na watu wasiokuwepo, anawaambia wafunge mlango, baridi inatoka. Daktari wa zahanati kasema akae chumbani peke yake, anywe maji, tuangalie anavyopumua. Akianza kuhema kama aliyekimbia, tumpeleke. Namwachia chakula mlangoni kama mfungwa. Nalala sebuleni, mama mkwe kwenye kochi, mimi kwenye godoro chini. Tunasikiliza kifua chake kupitia mbao.

Sifikirii kitu kingine. Nimeshangaa. Siku hizi tatu sijakumbuka kliniki hata mara moja.

Jumapili, 26 Aprili

Leo kakohoa kidogo. Kala yai zima.

Mama mkwe ameweka kigoda chake mlangoni pa chumba tangu mwanzo. Anapiga soga na ule mlango kutwa: nani alimwibia nani mbuzi, nani alianguka kwenye shimo la choo siku ya posa. Fundi akicheka tu, mama anafunga macho. Leo akiwa amelala, mama akageukia kwangu.

"Huyu nilikuwa nimembeba tumboni mwaka wa surua."

Nilijua kwamba alizaa wengi na wamebaki wawili. Sikuwahi kuuliza zaidi. Akanisimulia akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. Surua iliingia kijijini, watoto wa kila nyumba wakawa wekundu. Wake wawili, msichana na mvulana, walikufa wiki moja. Mvulana alikuwa ameanza kuimba.

"Waliokuja msibani wakanigusa tumbo. Wakaniambia, shukuru, Mungu amekutangulizia mwingine. Wiki ile ile, bibi harusi. Udongo haujakauka."

"Ukawajibu nini, Mama?"

"Ningejibu nini? Nikazaa. Nikazaa tena. Kila mtu alikuwa anazaa mwaka ule, kama tunaziba matundu ya paa." Akapuliza pumba. "Huyo mwanao wa friji, ungemwita nani?"

Nina majina mawili, sijawahi kumwambia mtu.

Jumapili, 3 Mei

Fundi katoka chumbani. Suruali inamwanguka. Kaenda moja kwa moja kwenye friji, kaweka sikio, kasema linahitaji gesi.

Alhamisi, 14 Mei

Wifi yangu kaja leo, mdogo wake Fundi. Ana watoto watatu na anakaa upande wa pili wa mji, na kwa sheria za sasa hakutakiwa hata kutoka. Katembea kwa miguu mvuani. Nikadhani kuna msiba.

Alinivutia jikoni, akafungulia bomba ili mama yake asisikie.

"Wifi, nina mimba."

Nilisikia maji yanamwagika kwenye sinki. Nikasema hongera. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema "pole" ukijikwaa.

"Usinipongeze!" Akalia kwa hasira, anajifuta na barakoa. "Nilikwenda zahanati kwa ajili ya sindano ya uzazi wa mpango, wakaniambia mzigo haujafika. Nikarudi, wakasema nesi kahamishiwa wodi ya gonjwa. Nikarudi tena, mlango umefungwa kwa kufuli. Mume wangu kafungiwa kazi, yuko nyumbani mchana na usiku, unafikiri tungefanya nini? Tucheze karata?"

Nilitaka kumpiga. Naandika ukweli. Nilitaka kumzaba kibao cha nguvu kisha nimkumbatie. Mimi mlango ulifungwa nisipate, yeye mlango ulifungwa akapata, na ni kufuli lile lile.

"Wewe unalia hupati," akasema, "mimi nalia nimepata. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nisamehe."

Nikamkumbatia. Kibao kikabaki mkononi.

Jumapili, 17 Mei

Mama mkwe anajua. Anavyojua mambo huyu mama, hata bomba likifunguliwa.

Na ana mpango. Kautoa mezani baada ya chakula, kwa utulivu, kama mtu anayegawa nyama. Binti yake ana watatu na mzigo umemlemea. Mkwe wake hana hata mmoja. Mtoto atakayezaliwa aletwe hapa. "Damu ni ile ile. Hatoki nje ya nyumba."

Nikamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama sahani yake kana kwamba kuna waya mle ndani anautafuta.

"Mnafikirije?" mama akauliza.

"Tutazungumza, Mama," akasema yeye.

Kibaya zaidi, na hili nalisema hapa tu: kwa muda wa kunyanyua glasi na kuishusha, nilimtaka. Nilishamwona yuko wapi, nimemlaza upande gani. Kisha nikakumbuka wifi, yuko kwake na watoto watatu na kichefuchefu, hajui kuwa kikao cha tumbo lake kimeshafanyika.

Jumatatu, 18 Mei

Kliniki imefunguliwa! Yule dada wa mapokezi kapiga simu kwa furaha kama anatangaza bahati nasibu. Vipimo upya, wote wawili. Fundi kanung'unika, alipimwa mwaka jana, alikuwa mzima. Nikamwambia twende.

Alhamisi, 21 Mei

Tumeketi mbele ya daktari, kioo cha plastiki katikati yetu, kila mtu na barakoa yake, tunasemezana kwa kelele mambo ya kunong'ona.

Akiba yangu ya mayai imeshuka tangu Machi. Hilo nilishajiandaa kulisikia. Kisha akageukia karatasi ya Fundi.

"Baba, uliugua?"

"Niliugua. Nimepona."

"Homa ilikuwa kali?"

"Kali."

Akatueleza taratibu. Mbegu zimepungua sana, na zilizopo nyingi haziogelei. Homa kali ya aina yoyote inaweza kufanya hivyo, alisema, na kuhusu gonjwa hili lenyewe bado watafiti wanachunguza, hataki kutudanganya. Kwa wengi hali hurudi. Mwili unahitaji kama miezi mitatu kutengeneza mbegu mpya.

"Basi tusubiri," Fundi akasema.

"Kwako wewe, ndiyo, ningeshauri kusubiri," daktari akasema. Akanitazama mimi. "Kwako wewe, mama, nisingeshauri kusubiri."

Nikacheka. Jamani, nilicheka. Yeye asubiri, mimi nisisubiri, na tunalala kitanda kimoja. Daktari akasema ipo njia, wanachagua mbegu moja moja na kuiingiza kwenye yai kwa sindano nyembamba. Uwezekano si mkubwa. Lakini upo.

Tukasema tunaanza.

Njiani Fundi alinitangulia hatua mbili. Mvua ilikuwa kubwa, tukajibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Ndipo akasema, "Mama asijue."

"Asijue nini?"

"Hii yangu."

Miaka tisa. Miaka tisa nimekuwa nikinyweshwa majani, nikipigiwa magoti, nikitazamwa tumbo kila sikukuu, na yeye amekaa pembeni akijipepea, kwa sababu kila mtu alijua ni mimi. Sasa imefika zamu yake, siku moja tu, tena kwa ugonjwa alioupata akiwastiri wafu wa watu, jambo ambalo hakuna mwenye akili angemcheka, na bado asijue mama.

Nilitembea mvuani nikamwacha kibarazani.

Jumapili, 24 Mei

Wifi kaitwa. Kaja na mume wake, mtu mpole asiyejua aweke wapi mikono. Mama mkwe kawasha taa ya sebuleni mchana. Nikajua leo ni baraza.

Akarudia mpango wake. Damu ile ile, haendi mbali, wifi atapumzika, nyumba hii itachangamka. Alisema vizuri. Anampenda kila mmoja wetu na ndiyo maana hakuona sababu ya kumwuliza yeyote.

Wifi alikuwa amekaa ameshika magoti. "Mama, mimi si duka," akasema.

"Ulikuja unalia hapa kwamba humtaki!"

"Nililia kwamba sikumpanga! Nina haki ya kulia na bado akawa wangu."

"Na huyu mwenzako? Humwonei huruma?"

Wote wakanigeukia. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipaze sauti, na labda ndiyo iliyonisaidia, maana ukishapaza sauti kwa ajili ya mvua inakuwa rahisi kuendelea.

"Mama, ule mwaka wa surua, waliokugusa tumbo msibani wakakuambia ushukuru, una mwingine. Ulishukuru?"

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuona uso unafunguka namna ile na kufungika tena.

"Usiniletee hayo."

"Nayaleta kwa sababu ni wewe uliyenipa. Wale wawili hakuna aliyekaa mahali pao, hata Fundi hakukaa. Na mimi ninayemtaka, huyu wa wifi hawezi kukaa mahali pake. Nitampenda kama mke wa mjomba wake. Nitamnunulia viatu. Lakini msinizibie tundu kwa mtoto wa mtu."

Mume wa wifi akajikohoza. Mama mkwe akaanza kusema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alitaka tu nisizeeke mikono mitupu, maana kizazi changu...

"Mama," Fundi akasema. "Siyo yeye."

Alikuwa amesimama. Masikini, alikuwa ameshika kitasa cha mlango kama anayetaka kutoroka.

"Tumepimwa. Safari hii ni mimi. Ile homa. Na hata zamani, daktari hakuwahi kusema ni yeye peke yake. Hakuna aliyesema. Sisi ndio tulisema."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha mimi, kisha mwanawe. Nilingoja aseme neno kwangu. Badala yake aliinuka, akaenda kwenye friji ambalo hakuligusa tangu Aprili, akatoa chupa ya maji baridi, akajimiminia glasi nzima akainywa akiwa amesimama.

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Wote tukafuata, hata yule mume wake.

Usidhani mambo yameisha. Bado nina hasira na Fundi. Lakini leo nimelala nikitazama upande wake.

Jumanne, 2 Juni

Sindano zilianza Alhamisi. Siku ile ile mama mkwe aliomba aone. Nikamwonyesha. "Unajichoma mwenyewe?" akauliza. Kesho yake alikuja bafuni akanishikia taulo.

Jumanne, 9 Juni

Wametoa mayai. Machi waliona mengi kwenye kipimo, ninakumbuka daktari alifurahi. Leo wamepata matatu. Sikumwuliza yale ya Machi yangekuwa watoto wangapi. Nilitaka kuuliza.

Alhamisi, 11 Juni

Moja limeshika. Moja.

Jumapili, 14 Juni

Limewekwa. Fundi hakuruhusiwa kuingia, alisubiri nje getini mvuani kama dereva wa kukodi. Nesi kaniambia niishi kama kawaida. Nani anaishi kama kawaida mwaka huu?

Jumatano, 17 Juni

Mabasi yamefunguliwa. Mama mkwe kaondoka. Pale kituoni alinishika mikono yote miwili, kinyume na masharti ya afya, akaniita kwa jina langu. Jina langu hasa, aliloniita mama yangu. Sikujua kama analijua.

Nyumba imekuwa kimya mno. Kumbe nilishazoea kelele zake.

Jumatatu, 22 Juni

Kazini. Wateja wa harusi wameanza kurudi. Babu Wino kakataza nisinyanyue rimu za karatasi, bila kuniuliza kwa nini.

Ijumaa, 26 Juni

Hapana.

Simu ya kliniki ilinikuta nakata kadi. Nikasema asante, nikamaliza kukata, maana ukiacha mashine katikati ukingo unakwenda upogo. Kisha nikaenda kukaa stoo kwenye maboksi ya zile kadi zilizokufa. Babu Wino akaja akakaa upande wa pili. Hakuleta tambara safari hii, wala sikulihitaji.

Jumatatu, 29 Juni

Daktari anasema tunaweza kujaribu tena Agosti, mbegu za Fundi huenda zikawa zimerudi. Kuhusu yangu alichagua maneno kwa uangalifu sana.

Fundi akasema, "Utakachosema wewe."

Nimesema hapana. Akauliza kama ni hasira. Nikasema hasira ipo, na nina haki nayo: yale ya Machi yalikuwa mengi, na mtu fulani mezani kwake aliandika kwamba hayana dharura. Sitamsamehe, wala simjui. Lakini hapana yangu si ya hasira. Nimechoka kuishi nikiwa nimeshikilia pumzi. Nikairudia mara ya pili, hapana, nisikie inavyosikika. Fundi alilia. Nilimfungia yeye chupa ya moto safari hii, sikujua la kufanya lingine.

Ijumaa, 3 Julai

Wifi kapiga simu asubuhi. Nimsindikize kliniki ya wajawazito, mume wake amepata kibarua leo leo, na yeye anaogopa kwenda peke yake. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa, na yeye alizijua zote, alizitaja mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nikaenda.

Mabenchi yako barazani, yamechorwa alama za rangi nyekundu mahali pasipokaliwa ili watu wasibanane. Mvua mwaka huu zimegoma kuondoka, ilikuwa inaingia kwa upande. Nesi akatoka na kufoka, "Anaingia mama peke yake! Wasindikizaji nje!" Wifi akanitazama kana kwamba ataanzisha ugomvi.

"Nenda," nikamwambia.

"Utakuwepo nikitoka?"

"Niende wapi?"

Nikakaa pembeni kabisa, penye nafasi. Ng'ambo ya alama nyekundu alikuwepo mwanamke mwenye tumbo la kukaribia kujifungua, ameweka mkoba wake juu ya ile alama, anajipepea na kadi ya kliniki. Akanitazama tumboni, kisha usoni.

"Wewe una wangapi?"

Nimeulizwa swali hili sokoni, msibani, kwenye foleni za benki. Nina majibu yangu, nimeyatumia mpaka yamechakaa: tunaomba Mungu, bado kidogo, mipango ipo.

"Sina," nikasema.

"Bado, siyo?"

"Hapana. Sina tu."

Nikangoja. Nilijua kinachofuata, ama pole, ama jina la mganga, ama la mchungaji, ama habari ya shangazi yake aliyepata mapacha akiwa na mvi. Alinitazama. Upepo ukageuka, mvua ikanipiga bega na ubavu wote wa kushoto.

Akachukua mkoba wake juu ya ile alama nyekundu, akaupakata.

"Sogea huku," akasema, "unalowa."

Nikasogea.